Tuta la Baba

Mashine ya kutolea nakala ilikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kutema kila karatasi, na Mama Kitalu alikuwa amekwisha kuizoea. Ilikohoa ukurasa wa tano. Ikakohoa wa sita. Wa saba ulipotoka aliuokota ukiwa bado na joto, akaupitisha macho kwa sababu tu ndio uliokuwa juu, na hapo akasimama kuusoma.

"Sababu ya kufa kwa mikoko katika hori haikuweza kubainika," ukurasa ulisema. "Inapendekezwa upandaji wa miche uendelee, huku uchunguzi zaidi ukifanyika."

Akausoma tena, neno kwa neno, kama walivyokuwa wakisomeshwa kwenye darasa la jioni. Haukubadilika.

"Ulisema nakala nane, dada?" mwenye duka aliuliza.

"Isimamishe kwanza."

"Mashine hii ikishawaka haipendi kusimamishwa. Ina moyo kama mtu."

"Basi na isimame na moyo wake hivyo hivyo, kaka. Nisamehe."

Alizikusanya karatasi, akazibana kifuani, akatoka juani bila hata kuaga vizuri. Mwandiko ulikuwa wa chapa, lakini maneno yalikuwa ya mtu aliyemjua. Jana jioni Mpima, aliyeletwa na ofisi kuchunguza hori, alikuwa amempa bahasha hii mkononi, akamwambia, "Nitolee nakala kesho asubuhi, kamati inakaa Jumatatu. Na mimi asubuhi hiyo hiyo nitakuja kwenu kuzungumza na mzee." Alisema hilo la pili akiangalia viatu vyake. Usiku kucha Mama Kitalu alikuwa amelala na sentensi ile ya pili kama mtu aliyelala na pipi mdomoni. Na kumbe ndani ya bahasha kulikuwa na hii.

Kwa maana sababu ilibainika. Yeye mwenyewe alikuwa ameiandika kwenye daftari lake, kwa namba.

Wiki tatu nzima alikuwa amemshikia Mpima fimbo ya vipimo. Mpima alisimama mbali, jicho moja limebanwa kwenye darubini yake ya miguu mitatu, naye akasimama kwenye tope la hori, fimbo wima, kidevu juu, akijitahidi asicheke. "Kushoto kidogo," sauti ingekuja. "Si wewe, fimbo." Naye angejibu, "Sema vizuri basi, mimi na fimbo leo tuko wawili." Ilikuwa ni mazungumzo ya kupigiana kelele, namba tupu. Lakini kuna namna mtu anaweza kukutajia moja nukta nne mbili ukasikia shingo inapata joto. Siku ya kumi alikuja na kofia ya pili, akampa bila maelezo. Siku ya kumi na mbili walipata jibu.

Jibu lilikuwa chini ya tuta.

Miaka ishirini na miwili iliyopita barabara ilipitishwa juu ya mdomo wa hori, pale mkono huu wa bahari unapoingia nchi kavu, ili watu wasizunguke nusu siku kufika ng'ambo. Lilijengwa tuta la mawe na udongo, na chini yake likalazwa bomba nene la zege, maji ya bahari yapite kuingia na kutoka. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa fundi mgeni kutoka bara, mtu wa nyumba na kuta, hodari kiasi kwamba watu walimwita Fundi Levo, kwa jina la kile kipimo cha kusawazishia kuta. Alikuwa akitazama ukuta mara moja akakwambia umeegama upande gani. Kazi ilipokwisha alioa hapa hapa, akajenga hapa hapa, na binti aliyemzaa ndiye huyu aliyekuwa sasa akitembea barabarani na karatasi kifuani.

Mikoko ya nyuma ya tuta ilianza kufa mwaka wa pili. Majani yalipata umanjano, yakapukutika, vikabaki vigogo vyeupe vimesimama kwenye tope kama watu waliosahau walichofuata. Wengine walisema ugonjwa. Wengine walisema wadudu. Mama Kitalu, mume alipomwacha na mtoto mchanga na kitanda, alijiambia kwamba kama hawezi kuokoa nyumba yake ataokoa hori. Akakusanya wanawake kumi na mmoja, wakaanzisha kitalu cha miche uani kwao. Misimu mitatu walipanda. Misimu mitatu ikafa yote.

"Miche yako haina ugonjwa," Mpima alimwambia siku ile ya kumi na mbili. "Ina kiu."

"Kiu gani katikati ya tope?"

"Kiu ya maji yanayokuja na kuondoka. Bomba liko juu mno. Siku za kawaida bahari inafika chini yake inarudi. Ni siku za bamvua tu, maji yanapopanda sana, ndipo kidogo yanaruka ndani. Na yakishaingia hayana njia ya kutoka. Yanakaa, jua linayanywa, inabaki chumvi. Unaipanda miche ndani ya chumvi."

Alilia pale pale, na ilikuwa furaha. Mkono wake wa kupanda haukuwa na kasoro. Kisha machozi yakamkauka ghafla, akasema, "Aliyeliweka bomba ni baba yangu." Mpima alikunja miguu mitatu ya darubini, mmoja baada ya mwingine, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Sasa Mama Kitalu alijua Mpima alikuwa akifikiri nini siku ile.

*

Shangazi alikuwa mlangoni kwenye kigoda, sahani ya vitunguu mapajani, binti mdogo wa Mama Kitalu amelala juu ya kanga pembeni yake.

"Mgeni wako amefika tangu saa mbili," Shangazi alisema bila kuinua macho. "Amevaa shati la dukani, mikunjo yote iko pale pale. Nimemwona na pini moja kwenye kola, nikaogopa kumwambia, asije akafikiri namkagua."

"Yuko na Baba?"

"Yuko mbele ya Baba. Kuwa naye ni kitu kingine."

Kupitia pazia sauti ya baba yake ilisikika, ile sauti aliyotumia kuwauliza vibarua kama mchanga umechekechwa.

"Kazi hii ikiisha unakwenda wapi?"

"Nimeomba kituo hapa hapa, mzee. Miaka mitatu."

"Umeomba. Hujapewa."

"Sijapewa bado."

"Sikiliza, kijana. Sina ugomvi na wewe. Lakini mpima anakuja, anapima, anakunja vitu vyake, anaondoka. Ndiyo kazi yake ilivyo. Mwanangu amekwisha kuachwa na mtu aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta kazi. Kazi akaipata, na mke akampata huko huko. Huyo mtoto hapo nje amejifunza kutamka neno baba, na wa kumwitikia hayupo. Mimi ndiye ninayemwitikia. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mzee. Ndiyo maana nimeomba kituo. Hori likishafunguliwa litahitaji mtu wa—"

"Likishafunguliwa?"

Kiti kikalia.

"Likishatazamwa, mzee. Litahitaji mtu wa kulitazama."

Mama Kitalu alisukuma pazia. Mpima alisimama haraka, kama anavyosimama mwanafunzi, na macho yao yalipokutana uso wake ulifunguka wote, halafu ukaona karatasi, ukajifunga.

"Shikamoo, Baba. Naomba kusema na mgeni dakika mbili."

"Marahaba. Mgeni ni wangu leo."

"Dakika mbili tu, kisha nitakurudishia."

*

Uani miche ilikuwa imepangwa safu kwa safu kwenye viriba vyake vyeusi, mia sita na zaidi, ikingoja msimu wa nne. Alimsimamisha katikati yake.

"Ukurasa wa saba," alisema.

Mpima aliupitisha mkono kwenye kola, akaikuta pini, akaitoa, akakosa pa kuiweka. "Nilitaka nikueleze baada ya leo."

"Baada ya leo. Yaani baada ya kupewa."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nimekushikia fimbo wiki tatu. Namba ninazo. Leo unaniambia haikuweza kubainika. Mimi ndiye sikubainika, au?"

"Yule ni baba yako." Alishusha sauti, akaangalia ukuta. "Kesho watu wanane wamekaa, nisimame mbele yao niseme hori limekufa kwa sababu ya bomba la Fundi Levo? Nusu ya nyumba za mji huu amezijenga yeye. Hana kitu kingine, ana jina hilo. Nimvunje kwa karatasi, halafu nije sebuleni kwake kumwomba binti yake?"

"Na mimi nina nini?"

Mpima aliigeuza pini vidoleni.

"Nakuuliza. Mimi nina nini? Wanawake kumi na mmoja wameacha watoto wao, wameingia kwenye tope mpaka kiunoni kwa neno langu. Mmoja alipanda miche mia mbili akiwa na mimba ya miezi saba. Ikafa yote. Unajua wanasemaje sasa, wakidhani sisikii? Mkono wangu hauoteshi. Mume haukumshika, mche haukuushika. Nimewahi kukaa hapa nikaitazama mikono hii kama ni ya mtu mwingine." Alinyoosha mche mmoja ulioegama. "Uliponiambia ina kiu, nilipona. Leo umenirudishia ugonjwa wangu, umeuandika kwa chapa, na muhuri juu."

"Nilidhani nakulinda."

"Ulikuwa ukijilinda wewe, usije ukanikosa."

Mpima alimtazama. Ilikuwa ni ile namna yake ya kutazama kupitia darubini, bila kupepesa, akitafuta namba iliyo sahihi.

"Ndiyo," alisema hatimaye. "Hiyo ni kweli. Siwezi kuikataa."

Angekataa ingekuwa rahisi. Angejitetea, angemwita mwongo, na mambo yangeishia hapo kwenye viriba. Lakini alisimama tu na pini yake mkononi na shati lake la mikunjo, amekubali kosa, na Mama Kitalu akahisi kile kitu kifuani kikigeuka tena upande wake, kwa ukaidi, kama mtoto anayekataa kubebwa na mwingine.

"Nikiandika ukweli mzee hatanipa," Mpima alisema. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na ukweli usipoandikwa?"

"Kamati itatuambia tupande tena. Hii yote." Alionyesha viriba. "Nitaibeba mimi, nikiijua inakokwenda. Halafu jioni nirudi nikupakulie chakula. Siwezi kuolewa na ukurasa ule. Kila asubuhi nitakuwa nikiamka naukuta umelala katikati yetu."

"Basi niache niende nikamwambie sasa hivi."

"Hapana. Wewe umekuja na neno moja na umeshindwa kulisema moja kwa moja. Hili ni la mtoto na baba yake."

*

Fundi Levo alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la shati. Mama Kitalu hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini karibu na miguu yake, alivyokuwa akikaa zamani akimsubiri avue viatu vya kazi. Mpima alibaki kwenye pazia.

"Baba, lile bomba la chini ya tuta. Ulijuaje uliweke juu kiasi gani?"

Mzee alishangaa, lakini hakuna fundi anayechukia kuulizwa kuhusu kazi yake. "Maji yenyewe yaliniambia. Nilisimika nguzo pale mdomoni, kila siku maji yakifika mwisho nakata alama kwa panga. Siku tano. Alama zote zilikuja pale pale, hazikupishana vidole viwili. Nikasema, maji ya hapa yanafika hapa. Nikalaza bomba, nusu chini ya alama, nusu juu. Kwa nini?"

"Siku hizo tano zilikuwa za wiki gani?"

"Wiki tuliyofika. Wenyeji walikuwa wakituambia tufanye haraka, maji ni makubwa, ni—"

Akaacha kufuta miwani.

Mlangoni kisu cha Shangazi kilikuwa kimesimama juu ya kitunguu. Mzee aliivaa miwani, akaivua tena. Alikuja hapa mtu wa bara, hajawahi kulala mahali anaposikia bahari. Lakini hilo lilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita. Leo alijua kama wote wanavyojua kwamba wiki ya bamvua si wiki ya kila siku. Alikuwa amelijua hilo miaka mingi. Ila hakuwahi kulichukua na kulipeleka nyuma, mpaka kwenye nguzo ile.

"Bamvua," alisema polepole. Kisha akainua uso kwa Mpima, na uso haukuwa mzuri. "Wewe ndiye uliyemtia haya kichwani?"

"Nilipima, mzee."

"Na umeyaandika?"

"Niliandika kwamba sababu haijulikani."

"Ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Ukaandika huijui. Kwa nini?"

Mpima alisogea mbele ya pazia. "Nilitaka unipe binti yako."

"Angalau hapo hajadanganya," Shangazi alisema kutoka nje, kisu kikaanza tena.

Fundi Levo alisimama, mkono mmoja kwenye bega la binti yake, mzito. "Hicho chombo chako sikiamini. Kinatazama kwa jicho moja. Ngoja."

Aliingia stoo, wakasikia mabati na ndoo vikisogezwa. Alitoka na mpira mwembamba wa maji, unaoonyesha ndani, umekunjwa mviringo mkubwa begani; ule mpira wanaoutumia mafundi kusawazisha misingi. Ukiujaza maji, ukashika ncha moja hapa na nyingine kule, maji ya huku na ya kule yatasimama sawa, hata katikati kuwe na kilima. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa hajajenga ukuta bila huo.

"Twendeni," alisema. "Maji yametoka. Tutapima kwa kitu kisichotafuta mke."

*

Upande wa nje wa tuta, unaotazama bahari, mikoko ilikuwa hai. Ilisimama minene na ya kijani kwenye tope lake, mizizi imejikunja kama magoti, na bahari iliifikia kila siku, bamvua au si bamvua. Upande wa ndani vilikuwa vile vigogo vyeupe. Kati ya upande na upande ilikuwa barabara ya hatua kumi na mbili tu.

"Mimi nitashika kwenye sakafu ya bomba," Fundi Levo alisema. "Wewe mpima peleka ncha ile kwenye mkoko ulio hai, wowote, uchague mwenyewe. Tuone mti unaoishi umesimama chini ya bomba langu kwa kiasi gani."

Mpima alikunja suruali yake nzuri, akaingia kwenye tope mpaka magotini, akiuburuta mpira. Shati jipya lilipata doa la kwanza, kisha akaacha kulihesabu. Alisimika kijiti penye mizizi ya mkoko wa tatu, akashika ncha juu.

"Nisome, mzee?"

"Wewe husomi. Umekwisha kuandika hujui kitu ulichokijua. Atasoma mwanangu."

Mama Kitalu aliingia kwenye tope na futi ya kupimia mkononi. Ilimbidi asimame karibu na Mpima zaidi kuliko walivyowahi kusimama kazini. Siku zote kulikuwa na umbali wa darubini kati yao. Alisikia pumzi yake. Hakumtazama. Alitazama maji ndani ya mpira, yakipanda, yakishuka, yakipanda kidogo.

"Yatulie kwanza," Mpima alinong'ona.

"Najua."

Yalitulia. Akaweka ncha ya futi topeni, akapandisha mpaka penye maji.

"Themanini na tatu," alisema kwa sauti.

"Rudia."

"Sentimita themanini na tatu, Baba."

"Badilisheni mti."

Walibadilisha mti. Themanini na moja. Walibadilisha tena. Themanini na nne. Kisha mzee akataka wabadilishane ncha, Mpima akapanda kwenye bomba, yeye mwenyewe akashuka kwenye tope na magoti yake mabovu, akapima kwa mkono wake, akaipeleka miwani karibu na mpira mpaka ikagusana nao. Alikaa hivyo muda mrefu. Hakutaja namba. Aliziba ncha kwa kidole gumba, akajivuta mpaka kwenye mteremko wa tuta, akakaa juu ya jiwe.

"Ulipanda miche mingapi?" aliuliza.

"Elfu nne na mia mbili. Na kitu."

"Nilikuwa nakuona ukirudi. Tope mpaka hapa." Aligusa kiuno chake. "Nakwambia oga upesi, unachafua sakafu. Siku moja nilikwambia uache ukaidi, kuna watu hawana mkono wa kupanda. Ulikwenda jikoni. Nilisikia sufuria."

"Baba, hukujua."

"Kutojua ni kwangu. Hukupaswa kunibebea wewe." Alitazama vigogo vya ng'ambo ya barabara, kimoja kimoja, kama anayekagua ukuta wa mtu mwingine. "Kazi yangu yote sijawahi kupewa ukuta nikaambiwa uvunje, umeegama. Hata mara moja. Nilikuwa najisifia hilo."

Mpima alikuwa ameshuka, amesimama hatua chache kando, hajui aweke wapi mikono yenye tope.

"Utauandika upya ule ukurasa," Fundi Levo alimwambia. "Utaandika bomba limekaa juu kwa sentimita themanini na tatu. Utaandika na nani aliliweka. Usipolitaja jina watamsingizia aliyekuwa msaidizi wangu, na yule ni marehemu, hawezi kujibu."

"Ndiyo, mzee."

"Na tuta likikatwa, nani atasimamia?"

"Ofisi italeta mtu."

"Mtu gani anajua nondo nilizofunga kwenye zege humo ndani? Watatifua wiki nzima wakitafuta. Waambie aliyezifunga bado anatembea." Alisimama, akaukunja mpira begani, maji yakimwagika mgongoni. "Na miche ile iliyo nyumbani?"

"Haitahitajika sana, mzee," Mpima alisema. "Maji yakirudi yanakuja na mbegu zenyewe. Zinaelea kutoka kwenye hii mikoko hai. Zikifika mahali pazuri zinajisimika."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Alianza kuondoka.

"Mzee," Mpima alisema. "Na lile jingine nililokujia?"

Fundi Levo hakugeuka. "Leo nimebeba moja. Linanitosha."

*

Alasiri Mpima aliandika mezani jikoni, kwa mkono, kwa sababu duka la chapa lilikuwa limefungwa. Shangazi alimpa shati kuukuu la kaka yake, Fundi Levo, likampwaya mabegani. Mama Kitalu alikaa upande wa pili wa meza na mtoto mapajani, anamsuka. Kalamu ilikwenda, ikasimama, ikakata mstari, ikaenda tena. Mara mbili aliinua macho akamkuta anamtazama, na mara zote mbili ni yeye Mpima aliyeanza kuyashusha.

Alipomaliza alimsukumia karatasi.

Namba zilikuwepo. Bomba lilikuwepo. Wiki ya bamvua ilikuwepo, imeelezwa kwa heshima: msimamizi alifuata alama alizoziona, na hakuna aliyemwambia azingoje za wiki ya pili. Jina la baba yake lilikuwepo, limeandikwa lote. Na chini yake, ambapo hakutegemea kitu, kulikuwa na mstari mwingine. Mpima wa kazi hii alijua sababu hiyo siku tisa zilizopita, akaificha kwenye taarifa yake ya kwanza kwa maslahi yake mwenyewe.

Aliusoma mara mbili.

"Hili hakuna aliyekuomba," alisema.

"Mzee asisimame peke yake kesho. Nimeona vibaya."

"Watakunyima kituo."

"Huenda."

"Huenda? Mpima aliyeficha vipimo. Watakunyima na kofia."

"Basi nitabaki mtu asiye na kituo, ameazima shati." Alijaribu kutabasamu, kukamshinda nusu njia. "Leo nimemwomba baba yako kitu. Njiani kutoka kule nimegundua kwamba wewe sijakuuliza. Wiki tatu nimekutajia namba za dunia nzima, hilo sikukuuliza. Nilikuja na kituo mfukoni, nikadhani kitaniulizia. Sasa hakipo. Nakuuliza hivyo hivyo. Utakubali tuishi wote?"

Mtoto alikuwa amelala na nusu ya kichwa haijasukwa. Mama Kitalu aliendelea kuushika msuko ule mmoja, usifumuke. Alifikiria mlango uliowahi kufungwa na mtu aliyeaga vizuri, maneno matamu, ahadi imenyooka. Huyu hakuwa na ahadi hata moja. Alikuwa amekaa mbele yake na mstari unaomhukumu, kauandika mwenyewe, na wino haujakauka.

"Nitakuwa sina kazi na mimi," alisema. "Mbegu zitakuja zenyewe, umesema. Hii familia itakula nini, namba?"

"Hujanijibu."

Kutoka sebuleni sauti ya baba yake ilipita ukutani. "Amemaliza kuandika huyo?"

"Amemaliza, Baba."

"Aje anisomee. Miwani imejaa tope."

Mpima aliinuka, akachukua karatasi, akasita. "Nikitoka huko nitakukuta?"

"Mwanamume mzima unazunguka swali lile lile." Alisema hivyo akiangalia nywele za mtoto, na sauti ilikuwa imelainika bila ruhusa yake. "Msomee mpaka mwisho. Mstari wako usiumeze. Nitakuwa hapa. Kesho nitakuwa hapa, na keshokutwa, na siku watakayokunyima kituo. Ndiyo. Umesikia sasa? Nenda, anakungoja."

Alikwenda. Alilipiga kumbo lile pazia kama halioni. Mama Kitalu akasikia kiti cha sebuleni kikivutwa, kile cha karibu na baba yake ambacho huvutiwa wa nyumbani tu, halafu sauti ya Mpima ikaanza kusoma, chini chini, namba kwa namba, na ilipofika kwenye mstari wa mwisho haikuharakisha.